Nilipomtafuta Amana Busia

Nakumbuka siku moja nikiwa Malaba, siku ya soko, na karai langu la njugu karibu na foleni ya malori. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, mtoto mmoja mgongoni, na mdomo usiojua kungoja. Mwanangu, nataka nikueleze vile mdomo huo ulivyonipeleka Busia kumtukana mtu ambaye hadi leo, nikitaka kutaja jina lake, kama nimekaa ninasimama kwanza.

Mimi ni Nabwire, mzaliwa wa Khunyangu. Shule niliacha darasa la pili, lakini majina ya watu hayanipotei, na hilo nalo lina sababu yake, tutaifikia. Niliolewa Moding, kwa Wateso. Mume wangu Omuse alikuwa akifanya kazi Jinja, kwenye kiwanda cha nguo. Kwa Kiteso mama anaitwa toto, kwa hiyo mama mkwe wangu, mtu mzima mwenye mvi, nilimwita Toto Atyang. Watu wa mjini wakinisikia nikisema "Toto amenikataza" walikuwa wakiniuliza huyo mtoto ana miaka mingapi. Huku kwetu mpakani neno linaweza kutoka nyumba hii likiwa na maana moja na kuingia nyumba ya pili likiwa na nyingine. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoniponza.

Miaka ya kwanza ya ndoa yetu pesa ya Omuse ilikuja kwa posta. Kisha Uganda ikachafuka. Barua zikawa zinafunguliwa njiani, noti za kule zikawa hazinunui kitu huku, na mtu akipatikana kwenye kizuizi na noti za Kenya, noti hizo hazikumrudia, na wengine hata wao wenyewe hawakurudi kwao. Omuse akanyamaza. Aliniandikia tukipanda mahindi, na mpaka tunavuna yale mahindi hakuna neno. Majirani wakaanza kuniuliza habari zake kwa ile sauti ya chini inayotumika matangani, halafu wakachoka kunihurumia, wakaanza kusema ameoa kule.

Basi siku hiyo ya soko dereva mmoja, Mkamba anayeitwa Mutua, aliyekuwa akipeleka mafuta Kampala na kurudi, alishuka kwenye lori lake akaja moja kwa moja kwangu. Akauliza kama mimi ndiye bibi ya Omuse wa Moding. Nikasema ndiye.

"Bwana yako anasema pesa iko Busia," akaniambia. "Iko kwa Amana."

"Amana nani?"

"Mama, mimi ni dereva, si chifu. Nimeambiwa Tororo na mtu ambaye pia aliambiwa. Amesema pesa iko Busia, iko amana. Basi."

Akanunua njugu za kutafuna njiani, akaondoka. Wewe mwanangu uliyesoma unacheka tayari. Cheka tu, sina neno. Lakini mimi Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia bei na kuombea njia, na neno hilo sikuwa nimewahi kulisikia. Mutua naye alilibeba kama mtu anavyobeba kifurushi kilichofungwa. Nekesa wa ndizi na Asio wa omena walikuwa wamekaa hapo kando, na wao pia hawakulijua.

"Amana," Nekesa akasema, akilinyoosha hilo jina taratibu. "Hilo ni jina la mtu wa kupaka wanja."

"Na manukato," Asio akaongeza. "Wewe unanuka njugu, dada. Utawezana naye?"

Soko lote likacheka. Nikafunga karai langu kabla ya saa sita.

Nyumbani nilimweleza Toto Atyang. Alikuwa akipepeta mtama, hakusimamisha mikono. Aliniuliza maneno hayo yamepita kwa watu wangapi kabla ya kunifikia. Nikasema sijui, wawili, watatu. Akasema basi nenda ukaulize, lakini uende kuuliza, usiende kujibu. Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani kukusanya nguo zangu.

Maana hivi ndivyo nilivyopanga. Kutoka Moding kwenda kwetu Khunyangu unapita Busia. Nitashuka Busia, nimwaibishe huyo Amana mbele ya watu, nichukue pesa ya mtoto wangu, kisha nisonge mbele mpaka kwa baba yangu na nisirudi tena. Nilijua hasara yake. Baba alikuwa amepokea ng'ombe watano wa mahari, na ng'ombe hao kaka yangu Okumu alikuwa ameshawatumia kuoa. Nikirudi nyumbani, Wateso watakuja kudai ng'ombe wao, na ndoa ya Okumu itayumba pamoja na yangu. Na Amoit, mtoto wangu, ni wa ukoo wa baba yake. Siku moja wangekuja kumchukua. Yote hayo niliyajua, nikafunga nguo kwenye leso. Toto Atyang alinisindikiza mpaka barabarani. Alimshika Amoit mguu mpaka lori la pamba liliponibeba, na lori lilipoondoka mkono wake ulibaki umenyooshwa vile vile.

Busia niliuliza Amana kuanzia kituo cha malori. Mtu wa baiskeli anayevusha abiria mpakani akasema hamjui. Mama mmoja wa matoke kutoka ng'ambo akaniambia, "Nnyabo, hapa hakuna Amana, labda upande wetu." Ndipo fundi mmoja wa cherehani, akiwa na sindano mdomoni, akasema kama ni mambo ya amana niende kwa Mzee Idi, ile nyumba yenye baraza ya kijani. Nikajisemea kumbe ana baba, na baba yake ana duka.

Mzee Idi alikuwa Mwislamu mwembamba mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono. Baba yake alitoka Kongo, mama yake ni wa Mumias, na yeye alizaliwa hapo hapo Busia. Aliuza mafuta ya taa, chumvi, nyembe, na vitambaa vichache vilivyofifia kwa kuning'inia muda mrefu. Palikuwa na wateja barazani, kama sita hivi. Sikumsalimu.

"Mtoe Amana hapa nje nimwone," nikasema.

Mzee Idi akanitazama, akamtazama mtoto. "Unataka nikutolee amana, mama? Hapa mbele ya watu?"

"Ndiyo. Watu wote wamwone."

"Kwanza niambie jina."

"Jina si ndilo hilo? Amana!"

"Amana ya nani?"

"Ya bwana yangu! Au mnao wengi?"

Wateja wakaanza kuangalia chini, unajua vile mtu anavyoangalia chini akizuia kicheko. Hapo ndipo pazia la ndani likafunguka, akatoka mwanamke mnene wa makamo, na macho yake, mwanangu, yalikuwa na wanja. Mikono yake ilikuwa na unga. Sikungoja. Nilimwambia yeye ni mzee wa kutosha kumzaa Omuse. Nilimwambia anakula jasho la mtu wakati mtoto wa huyo mtu analala na uji wa mtama. Nilimwita mwizi wa waume. Kisha nilichukua ile leso yenye nguo zangu nikamtupia, ikampiga kifuani, nguo zangu za ndani zikamwagika barazani kwa Mzee Idi, mbele ya wanaume.

Amoit akaanza kulia. Yule mwanamke akainama, akaziokota nguo zangu moja moja, akazikunja, akazifunga tena kwenye leso. Kisha akapanua mikono, akamchukua mtoto mgongoni kwangu, na mimi sijui kwa nini nilimwachia. Akaingia ndani naye. Ilibidi nimfuate.

Ndani palikuwa chumba kimoja. Kitanda, jiko, karai la unga, na kwenye kona sanduku la bati lililofunikwa mkeka. Mzee Idi akaja nyuma yangu, akavuta pazia, akauliza kwa sauti ya chini jina la mume wangu. Nikasema Omuse wa Moding, aliye Jinja. Wale wazee wawili wakatazamana.

"Alhamdulillahi," mwanamke akasema. "Tumekungoja tangu mavuno."

Kabla sijauliza, mvua ikaanza. Unaijua mvua yetu ya alasiri, haibishi hodi. Mabati ya nyumba ile yalikuwa yameliwa na kutu, maji yakaanza kuingia pande tatu. Yakaingia kwenye unga. Yakaingia kitandani, kwenye godoro lao. Na mimi nikaona kitu ambacho sijakiona tena maishani. Mzee Idi hakukimbilia godoro. Mke wake hakukimbilia unga. Walikwenda wote wawili kwenye lile sanduku, mmoja huku mmoja kule, na Amoit bado yuko mkononi mwa yule mama, wakaliinua, wakalisogeza mahali pakavu, pale pekee palipokuwa pakavu, wakalifunika na turubai, turubai moja waliyokuwa nayo. Kisha wakasimama wakiangalia godoro lao likilowa, bila haraka, kama watu wanaoangalia ng'ombe wa jirani wakipita.

Mvua ilipopungua, sanduku likafunguliwa. Mwanangu, ndani hamkuwa na nguo wala vyombo. Mlikuwa na vifundo. Vitambaa vya mkono, vipande vya shuka, soksi moja, mfuko wa tumbaku, kila kimoja kimefungwa kwa namna yake. Hakuna karatasi, hakuna jina lililoandikwa. Yule mama akaanza kuvigusa.

"Hii ni ya Ouma wa Samia, yuko Kampala. Hii ya Ekirapa wa Amukura. Hii ya kijana wa Nambale, Wafula, alikuwa migodini Kasese. Yeye amekufa, tunamngoja mama yake, tumemtumia neno mara nne. Hii ya Mjaluo mmoja, Odhiambo, anayepika kwa Wahindi." Mkono wake ukafika pembeni. "Na hii ni ya Omuse wa Moding. Imevuka na mwanamke mmoja, ndani ya mkungu wake wa matoke. Kabla ya hapo ililala kwa mzee mmoja wa reli pale Tororo, na kabla yake kwa muuza maziwa wa Jinja. Hao wawili hatujawahi kuonana nao."

Kilikuwa kitambaa nilichomtarizia mimi mwenyewe, maua mekundu, moja limepinda kwa sababu uzi uliisha. Na kilikuwa kimefungwa kwa fundo la ndama. Labda hulijui. Wateso wanapomfunga ndama wana fundo lao, linapita mara mbili na kujificha chini, na mtu wa nje akilifungua hawezi kulirudisha lilivyokuwa. Mimi nilikuwa mke wa Mteso kwa miaka minne na bado lilinishinda. Nililigeuza fundo lile nikalitazama pande zote. Halikuwa limeguswa. Lilipita kwa muuza maziwa, kwa mzee wa reli, kwa mwanamke wa matoke, likalala kwenye nyumba hii ambayo haikuwa na pesa ya kununua bati moja jipya, na hakuna mkono uliojaribu hata kulilegeza kidogo ili ujue kuna nini.

Nikakaa kwenye lile godoro lililolowa.

"Fungua," Mzee Idi akasema. "Sisi hatujui ndani kuna nini."

Zilikuwa noti za Kenya, zimekunjwa ndogo ndogo, na kati ya mikunjo mlikuwa na vumbi jeupe la pamba ya kiwandani. Ilikuwa pesa nyingi kuliko yoyote niliyowahi kuishika. Alikuwa amenitumia kila kitu. Nilinusa zile noti, nikamsikia Omuse, mafuta ya mashine na jasho.

Ndipo nikauliza, kwa sauti ndogo sana, Amana yuko wapi.

Mzee Idi hakucheka. Alikaa chini kwenye kigoda, tukawa tunaonana uso kwa uso. "Binti yangu, Amana si mtu. Amana ni kitu cha mwenzako alichokuachia ukitunze. Si chako, hukipunguzi, hukibadilishi, hukichungulii. Akija mwenyewe au mtu wake, unamrudishia kile kile."

Nikamuuliza wanalipwa nini. Akasema wakilipwa itakuwa kazi, na kazi mtu anaweza kuiacha.

Nikamgeukia mke wake nimwombe msamaha. Alikuwa akimlisha Amoit kitumbua cha asubuhi. Akanizuia kwa mkono.

"Umeniita mwizi mbele ya wateja wetu," akasema taratibu. "Hilo litapita. Lakini umetoka Moding mpaka hapa unanitukana, na mpaka sasa hujaniuliza jina. Ungeniuliza jina ningekwambia, na ungejua mimi si huyo unayemtafuta. Ungesema neno moja tu, mama: Jina lako nani?"

Nilitaka ardhi inimeze. "Jina lako nani, mama?" nikauliza.

"Hadija."

Ndilo hilo. Ndilo ninalosimama nikitaka kulitaja.

Nililala kwao. Godoro lilikuwa limelowa, kwa hiyo walinitandikia mimi na mtoto ule mkeka wa sanduku, wao sijui walilala wapi. Alfajiri nilimsikia Mama Hadija, baada ya sala yake, akisema majina. Hakuandika majina kwa sababu askari wangeweza kuja kupekua, na kila jina kwenye karatasi lingemponza mtu upande wa pili. Kwa hiyo kila asubuhi aliyasema yote, mtu na kwao, mtu na kwao, ili asisahau hata mmoja. Ouma wa Samia. Ekirapa wa Amukura. Wafula wa Nambale, Mungu amrehemu, mama yake bado. Sauti yake ilikuwa sawa kwa kila mtu, Mteso, Mjaluo, Msamia, wa dini yake na wa dini nyingine. Alipofika mahali pa mume wangu akasema, "Omuse wa Moding, imefika." Nimekwenda kanisani maisha yangu yote, mwanangu, na sijui kama nimewahi kusikia sala inayopita hiyo.

Asubuhi nilingoja duka lifunguke. Nilingoja wateja waje, maana nilitukana mbele ya watu, sikutaka kuomba msamaha gizani. Nilisimama kwenye ile baraza ya kijani nikasema kwamba jana nilimwita Mama Hadija mwizi, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa mjinga, neno lilinipita. Yule fundi wa cherehani alikuwepo. Akasema, "Sasa Amana umempata?" Hapo wakacheka wote, na Mama Hadija akacheka mpaka wanja ukamtiririka, na mimi nikacheka nao.

Khunyangu sikwenda. Nilirudi Moding na kile kitambaa kimefungwa tumboni, chini ya nguo. Toto Atyang hakuniuliza pesa ni ngapi. Aliona kitambaa, akaona nimekifunga ovyo, akakichukua, akakifunga upya kwa fundo la ndama, akakiweka juu ya dari.

Miezi mitatu baadaye Omuse alifika kwa miguu, akipitia vichakani, bila viatu, shati la mtu mwingine mwilini. Aliponea chupuchupu. Kila alichokuwa nacho Jinja kilibaki Jinja, isipokuwa kile kilichomtangulia. Hakuuliza habari za pesa. Nadhani aliogopa jibu. Toto akapanda kiti, akashusha kitambaa, akakiweka mapajani mwa mwanawe. Omuse akaona lile fundo. Akapitisha kidole juu yake, huku na huku, muda mrefu, kisha akainamisha kichwa juu yake na hatukumwona uso tena mpaka chai ikapoa.

Pesa ile ilinunua shamba la Moding, hili ambalo mahindi yake tunayala mpaka leo. Tulipolipata tulikwenda Busia na jogoo, mzima, maana Mzee Idi ilibidi amchinje mwenyewe ili tuweze kula pamoja. Zawadi nyingine yoyote alikataa. Jogoo alimpokea kwa sharti kwamba tusiondoke mpaka aishe.

Na nilipozaa binti wa pili, nilisema ataitwa Amana. Wateso walishangaa, Waluhya wakashangaa zaidi, kwa sababu hakuna bibi yeyote upande wowote mwenye jina hilo. Toto Atyang ndiye aliyewanyamazisha. Siku ya ubatizo padri akaniuliza hilo ni jina la mtakatifu gani. Nikamwambia, "Padri, mtakatifu wake anauza mafuta ya taa Busia." Akanitazama, akaandika Maria Amana.

Sasa mwanangu, wewe unayesoma haya, labda una dada Uarabuni au kaka Nairobi, na pesa yake inaingia kwenye simu yako kwa mlio mmoja, hata chai haijachemka. Shika nasaha yangu. Pesa hiyo imetoka kwenye mwili wa mtu. Usiifungue kwa hasira, na usimhukumu aliyeituma kwa sababu imechelewa, wala aliyeibeba kwa sababu humjui. Ukisikia neno usilolijua, uliza maana yake. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, yangu mimi nimeibeba zaidi ya miaka hamsini. Ukikutana na mtu, hata kama umekuja kugombana naye, muulize jina kwanza, na ukishalijua litunze. Na mtu akikuachia kitu chake, kirudishe kile kile, na fundo lake.

Mungu akupe mikono ambayo mtu anaweza kuiachia kila alichonacho na akalala. Akusogeze mahali pakavu mvua inapovuja. Na wale wanaohangaika mbali kwa ajili yako, kila alfajiri awepo mtu mahali fulani anayetaja majina yao mmoja mmoja, mpaka siku atakaposema, wamefika.